Mwiko wa Bibi Hautundikwi Ukutani

Usiku ule nililala nikiwa nimekwisha kuamua: mwaka huu hakuna Krismasi ya Marangu. Bibi yetu, aliyetulea huko sisi watatu, tulimzika kabla ya Pasaka, na tangu hapo wadogo zangu wawili hawasemezani. Mimi ndiye mkubwa, na mkubwa ni jalala, kila taka hutupiwa yeye. Nimechoka kutupiwa. Nikawatumia ujumbe: pataneni kwanza, ndipo tukutane. Nikazima taa huku Morogoro ninakoishi, nikijiona nimesema neno la busara kabisa.

Kisa chenyewe ni mwiko. Kwetu, asubuhi ya Krismasi, Bibi alibandika sufuria kubwa ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na hakuna aliyeonja kabla hajaponda. Kila aliyeingia uani, awe na viatu vya kanisani au mtoto mgongoni, alipewa mwiko aponde kidogo na kumshukuru Mungu kwa jambo moja. Mashemeji wapya walidhani ni mzaha mpaka walipoona hawapewi bakuli. Na waliokosana walipewa mwiko huohuo waushike pamoja, mpaka ndizi zilainike. Nimeona watu wazima wakiponda huku wamenuna, moshi ukawatoa machozi, na machozi yakaendelea hata moshi ulipokwisha.

Baada ya mazishi, Manka, anayenifuata, akaondoka na mwiko ule kwenda nao Arusha bila kuaga mtu, akautundika sebuleni uwe kumbukumbu. Elinami, kitindamimba wetu, seremala anayeitunza nyumba ya Bibi, akasema Manka ameiba Krismasi. Akampigia simu, Manka hakupokea. Wakaishia hapo.

Basi nikaota niko kanisani kwetu, kwenye mabenchi ya kina mama. Kengele ilikuwa inalia, lakini sikuusikia mlio wake, niliuhisi tu kifuani. Bibi alikuwa ameketi mbele yangu, kitambaa cheupe kichwani, akiimba wimbo wa kuzaliwa kwa Bwana nje kabisa ya sauti, kwa nguvu na bila aibu, vilevile alivyoimba maisha yake yote. Nilijua kwamba amekufa. Sikuogopa hata kidogo. Nikamgusa bega, na bega lilikuwa na joto.

Anageuka. Benchi si benchi tena, ni kigoda cha jikoni, na baridi ya mlimani inapenya chini ya mlango. Sufuria iko juu ya mafiga. Ndizi zimeiva, na Bibi anaziponda kwa mkono mtupu.

“Bibi, utaungua!”

Haungui. Ila ndizi hazipondeki. Zinamteleza vidoleni, zinarudi nzima kwenye mchuzi, naye anazifuata tena, polepole, bila kulalamika. Natafuta mwiko nyuma ya mlango, ulipokaa siku zote. Pana msumari tu.

“Aika,” ananiita, “wenzako wako wapi?”

“Nawangoja wapatane, Bibi.”

Anacheka puani, kile kicheko chake cha kumsikia mtoto akijifanya mzee. Halafu anachochea moto, na mimi napiga magoti kando yake kwa sababu nimemkumbuka mno na sijui nitamwona tena lini.

“Bwana hakungoja tupatane ndipo azaliwe,” anasema.

Mlango unafunguka. Nje ilipaswa kuwa migomba, lakini ni zizi letu la zamani, na yule ng'ombe wetu mwekundu amesogea ukutani kupisha nafasi. Ndani ya majani makavu kuna mtoto analia. Bibi anainuka upesi. Ile miguu iliyokuwa imevimba miaka yote sasa ni miepesi, na uso wake una furaha ambayo hata siku ya harusi yangu sikuiona. Natamani kumfuata, lakini siwezi kuinuka. Mlangoni anageuka mara moja.

“Usinizimie moto, Aika. Wakute sufuria imeshabandikwa.”

Niliamka jogoo wa jirani akiwika, machozi yamenijaa masikioni na harufu ya moshi puani, wakati mimi napikia gesi. Nililia kidogo, kisha nikanawa uso. Ninaamini Mungu anajua kutuma ujumbe, na anajua pia kwamba mimi sisikii mpaka nitumiwe Bibi. Nikampigia Manka.

“Manka, Krismasi ni Marangu kama kawaida. Uje na mwiko.”

Nikamsikia akivuta kiti.

“Dada,” akasema, “niliupaka vanishi.”

“Umefanya nini?”

“Niliona usije ukaliwa na wadudu. Nikaupaka, ukang'aa vizuri, ndipo nikakumbuka hauwezi tena kuingia kwenye chakula. Elinami akipiga simu siwezi kupokea. Nitamwambia nini? Nimeuharibu mwiko wa Bibi, dada.”

Akaanza kulia. Mimi nikaanza kucheka, Mungu anisamehe, maana nilikuwa nimeiona njia yote, mpaka kule jikoni.

“Mdogo wangu, unamlilia nani? Elinami ni seremala. Ana msasa, ana mikono. Wewe utaushika huku, yeye atausugua kule, mpaka vanishi yote iishe.”

“Na akikataa?”

“Kwa Bibi hakuna aliyekula bila kuushika. Akikataa, atatutazama tukila.”

Nikamsikia akipenga kamasi, halafu hatua zake sakafuni, halafu kitu cha mti kikigonga ukuta kwa kushushwa.

“Na wewe, dada?”

“Mimi natangulia,” nikamwambia. “Mtakuta moto umewaka.”