Lebo Niliyokataa Kuifuta

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya mtaa wa Hai Amarat, Juba, iliyohudumia zahanati, Mkuu wa Mifumo alinikabidhi flashi na kunionyesha kiti. Alikuwa Mkenya, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. "Mama, hapa kazi ni moja," alisema. "Kifurushi kikifunguka kule kliniki, tumemaliza."

Ninyi vijana mnaobonyeza tu, niwaeleze. Kifurushi ni programu iliyofungwa pamoja na lebo yake: nani kaitengeneza, na lini. Kompyuta za zahanati zetu zilikuwa kuukuu, zinasoma ufungaji wa zamani tu, kwa hiyo nilifungua vifurushi vipya na kuvifunga upya kizamani. Chombo tulichotumia kilikuwa na tabia mbaya: kilifuta lebo ya asili na kuandika jina la ofisi yetu na tarehe ya siku ile. Kila programu ikawa imezaliwa Juba, leo asubuhi.

Hilo liliniudhi. Mimi ni mmoja wa wakimbizi tuliorudi kutoka Uganda. Karani wa kambini hakuwa na muda wa kusikia kwamba nilizaliwa wakati wa kupalilia mtama. Aliniandikia tarehe moja Januari, kama alivyowaandikia jirani zangu wote. Hata hivyo nilifunga vifurushi nilivyoagizwa.

Kisha watengenezaji wakatuma onyo: programu ya kupima dawa za watoto, ile iliyotengenezwa kabla ya marekebisho, inazidisha kipimo cha wachanga. Muuguzi mmoja wa Hai Malakal alikuja mbio na boda. "Mama, hii yangu iko mbaya ama iko mzuri?"

Nilifungua lebo. Jina letu, tarehe yetu. "Lebo hii haisemi ilitengenezwa lini," nikakiri kwa aibu.

"Basi mimi nitapiga hesabu na kalamu," akasema, akaondoka.

Nilimwambia Mkuu kwamba sifungi kingine mpaka lebo ya asili ibaki. "Ukiongeza mstari kwa lebo, hizo mashine zitakataa," alinionya. Nikajaribu, kweli zilikataa. Nikajaribu tena wiki nzima, maana mwacha asili ni mtumwa, na mimi utumwa huo naujua. Mwishowe nikagundua kwamba lebo ya kizamani ina sehemu ya maelezo, ambayo mashine huiruka bila kuisoma. Nikaiweka humo lebo yote ya asili, herufi kwa herufi.

Tuliijaribu programu ya dawa, iliyofungwa hivyo, kwenye kompyuta ya yule muuguzi, iliyokuwa kongwe kuliko zote. Ikafunguka. Yeye mwenyewe akasoma tarehe ya chini, kwenye maelezo, na kuona kwamba sasa anayo iliyorekebishwa. "Hii iko mzuri," akasema, akarudisha kalamu mfukoni.

Mkuu akanirudishia flashi. "Sawa, mama. Rudia zote." Tukakusanya flashi za kila zahanati, nikazirudia zote, na sikulalamika hata siku moja.

Nimestaafu mwaka huu, tarehe moja Januari, siku ya yule karani. Afisa Utumishi alinitakia heri ya kuzaliwa. Nikamwomba afungue faili langu na kuandika, kwenye sehemu ya maelezo, kwamba nilizaliwa wakati wa kupalilia mtama.

"Mama, kalas, yamekwisha, tarehe ni hii. Hiyo haitabadilisha kitu."

"Najua," nikamwambia. "Tarehe iache hapo juu. Chini, andika."

Akaandika.