Albertville mpaka Usumbura kwa ndege, mama akiningoja hospitalini

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Kuna kijana aliuliza hapa Kalemie mpaka Bujumbura kwa ndege ni mwendo gani. Mkamjibu kwa ramani.

Mi nitamjibu kwa mwili wangu, maana niliuruka huo mwendo miaka ya hamsini, wakati Kalemie ni Albertville na Bujumbura ni Usumbura. Niko bibi wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, sitii chumvi.

Nilikuwa Albertville kwa masista, najifunza kushona. Baba alikuwa amempeleka mama hospitali ya Usumbura, ana uvimbe tumboni.

Dokta akasema apasuliwe upesi. Mama akakataa. Hatalala kwenye meza yao kabla hajaniona mi, mutoto wake mumoja.

Baba akapiga telegramu.

Meli ilikuwa imeshaondoka. Na barabara ya kupita Fizi mnaijua. Mvua ikinyesha, gari linalala mlimani mpaka lichoke.

Sista mkubwa, mwanamke mkali ambaye hakuwahi kusifu mshono wangu hata mmoja, akanipeleka uwanja wa ndege. Wakamwambia mweusi hapandi hivi hivi. Akavuta kiti chao, akakaa, akasema hatoki.

Mwisho wakanipa nafasi nyuma, karibu na magunia ya barua.

Kutapika nilitapika, wakuu. Tusidanganyane.

Halafu nikaangalia chini. Rasi ya Ubwari imelala ndani ya maji, na ng'ambo mabati machache yanang'aa. Baraka yetu! Kuzunguka Ubwari kwa mtumbwi ni siku nzima ya kupiga kafi na kuomba Mungu. Mi niliimaliza ningali natafuta kitambaa cha kufuta mdomo.

Baada ya mwendo wa saa moja na kidogo, tukatua.

Mama aliponiona akauliza nimetoka Albertville lini. Nikasema leo asubuhi. Bamama wa vitanda vya jirani wakacheka, wakasema namdanganya mgonjwa. Baba alinishika mkono tu.

Mama akaniuliza tena:

"Umepita hewani juu yangu, ili unione?"

"Ndiyo, mama."

Akamwita muuguzi. "Ambia dokta niko tayari. Kama mutoto wangu hakuogopa, na mi siogopi."

Alipona, wakuu. Aliishi mpaka akalea batoto wangu.

Na sokoni Baraka hakuna muuza ndagala, hao dagaa wetu, ambaye hakuisikia habari hiyo. Mtu akisema Albertville iko mbali, mama anaweka kitunga chini:

"Mbali ya nani? Wangu alitoka kule asubuhi, akanikuta Usumbura sijakula cha mchana."

Anainua kitunga chake, anaendelea na njia, shingo imenyooka.

Funzo langu ni fupi: mzazi akikuita, panda chochote kinachokwenda.

Na kwenu, nani alikuwa wa kwanza kuruka katika ukoo? Niambieni, na alikuwa anamkimbilia nani. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.