Doa la Bluu Shambani kwa Mama Mikebe

Ndege ndogo inanguruma juu ya mashamba, na Mama Mikebe anapiga magoti. Anachota udongo, anaujaza kwenye mkebe, anaufunika upesi jua lisije likaiba unyevu. Kisha anainua kichwa na kumpungia rubani mkono.

"Ananiona huyo," anasema akicheka. "Na kama hanioni, basi, salamu haiozi."

Ndege hiyo imefungwa kamera zinazopima joto na unyevu wa udongo kutoka angani. Lakini lazima awepo mtu wa kuhakikisha huku chini, na mtu huyo ni yeye. Udongo wake hupimwa uzito, hukaushwa kwenye oveni, kisha hupimwa tena. Uzito uliopungua ndio maji.

Kazi hii anaipenda. Ila mwaka huu, mvua zilipokatika mapema, ilimnyima nafasi ya kuhudumia kishamba chake cha maharage ng'ambo ya mto. Mbegu yake aliachiwa na marehemu mama yake, na nyumbani hakubakiza hata punje.

"Niliyalilia, nikayaaga," anasema. "Sikutaka kwenda kuyaona yakikauka."

Wiki iliyopita fundi wa kamera alimwita kwenye kompyuta. Mashamba yote yalionekana mekundu, yaani makavu na ya moto. Katikati palikuwa na doa la bluu.

"Dada, hapa kamera imekosea au?" fundi aliuliza.

Mama Mikebe akainamia picha. Akaijua njia, akaujua ukingo wa mto. Palikuwa kwake.

Alichukua mkebe, akaenda mbiombio. Maharage yalikuwa yamesimama, yanatoa maua, na udongo ulishikamana kiganjani. Kwenye matuta aliinama mama mkwe wake, yule anayelalamika kila siku kuwa magoti yamegoma, ameshika ndoo ndogo ya maji ya mto.

"Mama! Na magoti je?"

"Yanauma nyumbani, huku yanasahau," bibi alijibu. "Ile ni mbegu ya mama yako, mwanangu, ningeiachaje? Nilitaka ushtukie siku ya kuvuna. Nani kakwambia?"

"Ndege, mama."

"Mmbea mkubwa huyo!"

Walicheka mpaka maji yakamwagika, na hayakupotea, maana yaliangukia tuta.

Sasa fundi ameahidi kumfundisha Mama Mikebe kuendesha kamera, na kabla ya mavuno atampandisha ndege kwa mara ya kwanza.

Mama mkwe ameridhia, kwa sharti moja.

"Apite juu ya maharage," anasema. "Na mimi nitampungia ndoo."