Paka wa Mama na Siku ya Kuombea Nyumba

Niliposema kwamba paka wa mama amezeeka, tata alicheka mpaka akaweka kisu chini. Tata ni mdogo wake marehemu mama. Alikuja kwangu Ruiru kutoka Thika siku ya Jumatatu, kunisaidia kujiandaa kwa siku ya kuombea nyumba, na tangu afike hakuwa amepika kitu ila maneno.

"Paka hazeeki," alisema. "Paka hufa ama hupotea. Umewahi kuona paka na bakora?"

Jirani yangu, mama mmoja kutoka magharibi anayefanya kazi katika kiwanda cha vyakula kule Thika, alicheka naye. Walikuwa wamejuana siku mbili tu na tayari wanagongeana viganja kama waliozaliwa tumbo moja. Ujinga huunganisha watu haraka kuliko damu.

Nasema hivyo bila kuomba radhi, kwa sababu uzee ndiyo kazi niliyosomea. Nilikwenda Uingereza nikapiga deki sakafu za watu, nikasoma jioni, nikapata diploma ya kutunza wazee. Kwa miaka kumi na miwili niliyokaa huko niliwaosha, nikawalisha na kuwafumba macho watu ambao watoto wao walikuwa na digrii mbilimbili na hawakujua mama yao anavaa kiatu nambari gani. Diploma yangu iko sebuleni, ndani ya fremu, na ukuta unaoibeba nimeujenga mwenyewe, bila mume wala harambee. Mtu ambaye hajawahi kumuuguza hata kuku akija kunifundisha uzee, namtazama tu.

Paka huyu mama alimchukua mwaka ule nilioondoka, ashike panya kwenye stoo ya mahindi. Mama alipofariki nilirudi kabisa. Nilikuta ukoo unagawana sufuria, na paka amelala juu ya sweta ya mama ambayo hakuna aliyeitaka. Sufuria niliwaachia.

Kwa miaka mitatu alikuwa paka mwenye heshima zake. Kisha, mwanzoni mwa mwaka huu, alianza kukojoa kando ya karai lake la mchanga, si ndani. Aliacha kuruka dirishani. Manyoya ya mgongoni yakashikamana kama sufi ya mto wa zamani, maana hakujilamba tena. Alikula, akaondoka, akarudi baada ya dakika tano kudai chakula kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa. Na kila siku alisimama kwenye pembe ya korido, uso umeelekea ukutani, akaita.

Nitasema na hili, ingawa halinifurahishi: wiki mbili za kwanza nilidhani ni kiburi, na nilimpiga kwa kandambili. Mimi, ambaye nimewahi kumfukuzisha kazi mwenzangu kwa kumkaripia bibi wa miaka tisini aliyelowesha kitanda. Nilikuja kuzinduka siku nilipomwona akijaribu kuingia kwenye karai. Aliinua mguu mmoja, ukashindwa kuvuka ukingo, akaurudisha chini, akajaribu mwingine. Mwendo huo naujua. Nimewashika mkono watu wengi mlangoni mwa bafu wakiwa na mwendo huo.

Nilimpeleka kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Ako na miaka ngapi?"

"Kumi na tano."

"Kumi na tano! Madam, hiyo ingekuwa ng'ombe ingekuwa ilishaliwa kitambo. Pea yeye dawa ya minyoo."

Huyo ana leseni ukutani. Daktari wa mifugo niliyemwita nyumbani baadaye, mzee asiye na maneno mengi, alimgusa magoti, akammulika macho, akasema nilichokuwa nimekwisha kujua: viungo vinauma, macho yanafifia, akili inasahau. Alikuwa mtu wa kwanza katika wilaya nzima niliyemheshimu.

Basi nikafanya nilichofanya ng'ambo. Karai nikaliondoa, nikaweka sinia pana lenye ukingo mfupi. Chakula kidogo kidogo, saa zile zile. Maji mahali pawili. Juu ya yote, sikusogeza kiti wala meza, kwa maana aliyesahau njia hutembea kwa kukumbuka fanicha. Katika mwezi mmoja makelele yalipungua na mkojo ukarudi mahali pake, isipokuwa mara mojamoja.

Ndipo tata akaja akasogeza kila kitu. Makochi yakabanwa ukutani, meza ikatolewa barazani, viti vya wageni vikajazwa sebuleni, sinia la mchanga likafichwa nyuma ya tangi la maji. Jioni ile ile paka alikojoa kwenye zulia.

"Ngai! Na Jumamosi mchungaji ataketi wapi, juu ya mkojo?" tata alisema. "Wewe mtoto, kina mama wote wa kanisa wanakuja kuona nyumba ya mtu wa majuu, na utawaonyesha hii?"

Sitajifanya mtakatifu. Nilitaka waione. Nilitaka wakanyage zulia nililokuja nalo kwa meli, wasome fremu ile ukutani, wahesabu vyumba. Wengi wao ni wale wale walionicheka nilipoondoka, wakisema nakwenda kuosha makalio ya wazungu. Ndiyo, niliyaosha, na wao bado wanapanga nyumba za mabati. Kwa hiyo sikugombana. Nilisema Jumamosi paka atafungiwa chumbani kwangu. Tata alikubali upesi mno. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Kahawa Wendani kutafuta hema. Niliporudi saa nane mchana, tata alikuwa akimenya viazi na kuimba.

"Paka yuko wapi?"

"Amepata kazi," alisema, akacheka. "Rafiki yangu hapa jirani amempeleka Thika, huko kiwandani kwao. Anaingia zamu ya mchana. Kuna panya kubwa kama sungura, atanona."

"Tata, yule haoni."

"Usijali, hatarudi kukusumbua. Tulimtia kwenye gunia, tukamzungusha mara saba asijue njia."

Alilisema kwa fahari, kama fundi anayeeleza kazi yake. Paka asiyeweza kutoka jikoni akaufikia mlango, hawa watu wazima wawili walimfunga macho kwa gunia wakamzungusha mara saba, wasije wakazidiwa ujanja. Nilikosa tusi la kutosha kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, na kwa Kiingereza. Nilichukua ufunguo wa gari.

Eneo la viwanda lina kuta ndefu, malori na mbwa wasio na mwenyewe, na ni mbwa niliowahesabu njia nzima. Kwenye lango la kiwanda nilimkuta bawabu ameketi kwenye kreti la soda. Kabla sijamaliza kuuliza alinyosha rungu.

"Ile ya gunia? Iko pale. Tangu imwagwe hapo inaongea na ukuta."

Hakuwa amesogea hatua tatu. Alisimama pale pale alipomwagwa, pua karibu na mawe, mavumbi ya unga kichwani, akiita kama alivyoita kwenye korido. Hakugeuka niliposema naye, maana hasikii vizuri pia. Nilimwekea mkono mbele ya pua, nikangoja, jinsi tulivyofundishwa kutomshtua mtu. Alinusa. Kisha akakiegemeza kichwa chote mkononi mwangu, kizito, akanyamaza.

"Madam," bawabu alisema, "umetoka Ruiru na gari kufuata hii? Si hata panya inaipita tu!"

"Na wewe wezi wanakupita," nilimjibu, "na bado unalipwa."

Nilimfunga ndani ya koti langu nikarudi naye mapajani. Nyumbani nilirudisha makochi, meza, sinia, kila kitu mahali pake kamili. Viti vya wageni nilivitupa uani. Tata alifuata nyuma akipiga kelele kwamba naiaibisha familia. Nilimwambia Jumamosi nitaiaibisha vizuri zaidi, kwa sababu nyumba itaombewa kutoka nje.

Na ikawa hivyo. Nilifunga mlango, nikashusha mapazia. Mchungaji aliweka mkono kwenye fremu ya mlango, akambariki aliyejenga na wote walalao ndani, na kina mama wa kanisa wakasema amina huku macho yao yakitafuta mwanya wa pazia. Hakuna aliyekanyaga zulia. Hakuna aliyesoma diploma. Niliwalisha pilau na mbuzi chini ya hema, nikaona jinsi walivyotafuna bila raha, kama watu waliolipa nauli bure.

Mmoja wao, mnene, aliyevaa kofia ya harusi, aliniegemea mwishowe akaninong'oneza kwamba amebanwa, aingie ndani kidogo tu.

Nilimwonyesha choo cha nje.