Wingu la Gesi Nililomfutia Kadzo

Jamani, nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nilijaribu kuisingizia kompyuta, haikusaidia.

Mie ni kijana wa Malindi, elimu ya nyota nimejifunza mwenyewe kwa simu. Nina wasiwasi mno: shuka ikiwa na kunyanzi moja, silali. Mwenzangu ni Kadzo, muuza mahindi wa Vitengeni, naye kajifunza vivyo hivyo. Katika darasa la mtandaoni tulipewa rekodi za miezi sita za nyota moja ndogo inayozunguka na kutupigia mawimbi ya redio, pu, pu, pu, kama moyo. Kadzo alizisoma kwanza, kisha akanikabidhi. Mie kazi yangu kuzisafisha na kuzituma kwa mwalimu.

Nikakuta wiki tatu mapigo yamefifia. Mchoro umebonyea katikati kama sufuria iliyoanguka. Loo, uliniudhi! Nikachukua mapigo ya wiki nzuri, nikayabandika pale. Ukanyooka, nikatuma.

Kumbe nimeharibu! Baina ya nyota kumetanda gesi isiyoonekana kwa macho, na wingu lake moja dogo lilikuwa limekatiza mbele ya nyota yetu, likayapinda mawimbi yasitufikie yote. Kufifia kule ndiko kulikolifichua.

Kadzo alikuwa ameliona! Akamwandikia mwalimu kwa furaha, akiomba nafasi katika kundi la watafiti. Mwalimu akafungua faili langu: hamna kitu. Akamwambia mbele ya darasa zima asikimbilie kuona kisichokuwepo. Kadzo akaomba radhi. Nami nikamwandikia "pole"! Wallahi, kwa vidole hivi hivi.

Siku nne niliisingizia kompyuta. Ya tano nikaenda Vitengeni, nikamkuta akipukuchua mahindi.

"Kadzo, lile bonde kwenye mchoro... nililifukia mie."

"Ulilifukia na nini?"

"Na mapigo ya mwezi wa nyuma. Lilikuwa baya."

"Yaani umelipiga anga pasi kama kanzu ya Idi!" Alicheka hadi mamake akatoka jikoni. Kisha akaweka gunzi chini, na hapo ndipo nilipoogopa. "Kaka, mwandikie mwalimu sasa hivi. Nami nasoma kila neno."

Nikaungama, nikaambatisha rekodi ya asili. Kadzo amepata nafasi yake. Mie nimetolewa darasani. Kila Jumamosi Kadzo hunitumia mchoro mmoja uliopinda vibaya, makusudi, na chini yake: "Usiguse."

Nanyi mnaopenda kila kitu kinyooke, nawasihi: ukiona bonde katika kazi ya mwenzio, muulize kabla hujashika jembe. Huenda ndilo alilokuwa akilitafuta.