Dawa Iliyomponya Dada

Ukitaka ugomvi na Mama Pindo, mwambie akate kitambaa ambacho hajakiona. Miaka thelathini ya cherehani, hajawahi. Sasa fikiria siku daktari alipomwambia kwamba atapasuliwa moyo, kwamba wengine huvuja damu kupita kiasi mezani, na kwamba wanalinganisha dawa mbili za kupunguza kuvuja huko. Angepewa mojawapo, kwa kura.

"Ipi?"

"Sijui, mama. Chupa zina namba tu. Hata mimi sionyeshwi, nisije nikapendelea."

Mama Pindo akaangua kicheko. Makubwa haya! Daktari anayekiri hajui! Huyu hawezi kumdanganya. Akatia sahihi hapo hapo.

Alitoka salama, wala hakuongezewa damu. Basi mtaa ukakoma kwa sifa za dawa ambayo hata jina hakulijua. Kila mteja aliyekuja kupimwa kiuno alipimwa huku akihubiriwa.

Mwaka wa pili ikawa zamu ya mdogo wake kupasuliwa moyo, fundi bomba, mtu wa maneno machache. Mama Pindo akatangulia hospitali, mkoba kwapani.

"Daktari, safari hii hakuna cha kura. Huyu ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Mpe dawa yangu."

Daktari alimvutia kiti. "Utafiti tuliusimamisha mwezi uliopita, mama, tukafungua zile namba tuone nani alipewa ipi. Dawa yako ilizuia damu vizuri tu. Lakini waliopewa hiyo walikufa wengi zaidi kuliko wale wa dawa ya pili. Hatuitumii tena."

Mama Pindo akashusha mkoba. "Kumbe mimi..."

"Wewe ulipona. Tunashukuru."

"Na kama msingehesabu?"

"Ningempa mdogo wako hiyo hiyo, tena kwa moyo mweupe."

Fundi bomba alipewa dawa ya pili. Siku ya tano baada ya upasuaji alikuwa amekaa kitandani, analalamikia sinki la wodi linalovuja. Dada mtu akalia kwa furaha mbele za watu, bila haya.

"Asante, dada. Umenihangaikia sana."

"Koma! Usinishukuru mimi." Alimshika mkono, ulikuwa na joto. "Mimi ningekuua. Kuna watu wa ule utafiti hawakurudi kwao, hata majina hatuyajui. Washukuru hao."