Profesa na Sukari ya Kaka Yake

Wanafunzi walimwita Mama Mizani, kwa kuwa hakuchoka kuwakumbusha: kinachoingia ama kitatoka, ama kitabaki ndani. Alisomea uhandisi wa kemikali, akaanzia kwenye kiwanda cha sabuni. Baadaye, akifundisha chuoni, akajiuliza: kwa nini chembe hai isipigiwe hesabu kama kiwanda?

"Umeacha mabomba, sasa unafukuzana na hamira?" wenzake walimtania.

Kwa kompyuta alionyesha jinsi hamira inavyogawa sukari yake, kisha akahamia kwenye kongosho la panya, kiungo kinachodhibiti sukari mwilini. Alipopewa uprofesa, waliomcheka ndio waliotangulia kupiga makofi.

Sifa zikamlevya. Siku moja redioni mtangazaji alimuuliza kazi yake itamfaa nini mgonjwa wa kisukari. Jibu la kweli lilikuwa fupi: bado tuko kwa panya. Yeye akasema, "Siku za sindano zinahesabika. Mwili unaweza kujirekebisha wenyewe, na njia tumeshaiona."

Kaka yake, fundi cherehani aliyejichoma insulini tangu ujana, alikuwa anasikiliza. Akaacha kujichoma. Haikupita muda akaanguka kwenye meza ya kukatia nguo, akakimbizwa hospitali hajitambui.

Profesa alimkuta wifi yake mlangoni mwa wodi. "Nilimkataza, wifi. Akaniuliza, kwani wewe unajua kumshinda mdogo wangu?"

Profesa akaingia, akaketi kando ya kitanda.

Mgonjwa alipozinduka, figo zimeshadhoofika, maneno yake ya kwanza kwa dada yake yalikuwa, "Nisamehe, mdogo wangu. Nadhani sikukuelewa vizuri."

Afadhali angemtukana.

"Ulinielewa sawasawa, kaka. Mimi ndiye niliyesema nisichokijua."

Alirudi redioni. Mtangazaji akajaribu kumfunikia: "Labda wasikilizaji walielewa vibaya, Profesa?" Akakataa. "Nilidanganya. Hatuna tiba. Asiache mtu dawa yake." Chuoni mkuu wa idara alimwambia ameitia idara aibu, naye akaitikia kwa kichwa tu. Utafiti aliendelea nao, ila mialiko ya kuhutubia aliikataa.

Kaka alirudia sindano zake na cherehani yake, japo alichoka upesi. Kila dada alipopita kumjulia hali, kaka aliwaambia wateja kwa furaha, "Huyu ndiye mdogo wangu, profesa mzima!" Dada aliinama, akijifanya anatafuta kitu mkobani.